Eabrashi gani nianze nayo? Matangi ya bodaboda, migongo ya bajaji na fulana

brashi_ya_tanga

Wakuu heshima kwenu. Mimi ni fundi mabango hapa Tanga, naandika kwa mkono, mabango ya maduka, migongo ya bajaji, majina ya boti, kazi zipo namshukuru Mungu. Sasa vijana wa bodaboda wameanza kuniletea matangi na helmeti wanataka sura za watu, simba mwenye manyoya yanayoonekana unywele mmoja mmoja, mara moshi mara moto, na kwa brashi ya kawaida naweza kuchora lakini ule ulaini wa rangi moja kufifia taratibu ndani ya nyingine siupati hata nikeshe. Nimeamua kununua eabrashi, ile kalamu ya kupulizia rangi kwa upepo.

Nimeingia mtandaoni kutafuta nimetoka nimechanganyikiwa zaidi. Kuna sindano 0.2, 0.3, 0.5, 0.8, kuna za kikombe juu na za chupa chini, kuna za triga ya kazi moja na ya kazi mbili, na bei zinatofautiana mpaka unajiuliza kama ni kitu kimoja kinachouzwa. Bajeti yangu ni laki tatu na nusu, nikifika nne nyumbani hapatakalika. Kompresa sina ila jirani yangu ni fundi pancha anayo kubwa tu.

Kazi ni tatu: matangi na helmeti, migongo ya bajaji, na fulana za mashabiki (Simba na Yanga msianze hapa tafadhali). Moja inatosha zote? Rangi ya mafuta ninayoandikia mabango naweza kuitia humo? Na ni kweli kwamba ukitaka mstari mwembamba lazima 0.2? Natanguliza shukrani.

pilipili_kichaa

Nafuatilia, mie nataka ya kucha

nganya_ya_moto

Niaje msanii. Mi niko Nairobi, kazi yangu ni matatu, hizi nganya za Rongai na Umoja unaziona na sura za wasanii na wachezaji huko nyuma. Nitakujibu kwa mpangilio wangu si wako, usikasirike.

Wacha sindano kwanza tuongee upepo. Watu wananunua eabrashi ya bei kali halafu wanaiunganisha na kompresa ya kuokota, rangi inatematema, wanasema eabrashi ni mbovu. Ile kompresa ndogo ya eabrashi yenye katanki ka lita 3 inatoa kama lita 20 hadi 25 za upepo kwa dakika na inatosha, eabrashi yenyewe inakula chini ya hapo. Isiyo na tanki usinunue, upepo unakuja kwa mapigo na ukivuta mstari mrefu unaona una vifundo. Lakini sasa wewe uko na jirani wa pancha, huyo ni baraka, weka doh yako kwa eabrashi na regyuleta. Kompresa yake inakaa 100 psi (hicho ni kipimo cha presha) na zaidi, wewe unataka 15 hadi 30 tu, so regyuleta ya kushusha presha, yenye geji, iwe karibu na mkono wako, sio kule kwake. Na kukiwa hakuna stima kuna ile njia ya wazee wa mabango, tairi zima la gari limejazwa upepo, unaunganisha hosi kwa vali. Inafanya kazi, ila presha inashuka unavyoendelea, kila saa unaangalia geji.

Eabrashi ya kuanza: triga ya kazi mbili, kikombe juu, 0.3 ama 0.35. Kazi mbili maana yake ukibonyeza chini unatoa upepo, ukivuta nyuma ndio rangi inakuja, na unavyovuta zaidi ndivyo inakuja nyingi. Ile ya kazi moja kiasi cha rangi unakiweka kwa skrubu kabla hujaanza, ni rahisi kujifunza lakini manyoya ya simba yako hutayapata, kwa sababu unywele unaanza mnene unaisha kwa ncha na hiyo ncha inatoka kwa kidole ikiwa mkono unatembea.

Kikombe juu kwa sababu rangi inashuka yenyewe, unaweza kufanya na presha ya chini na matone machache tu ya rangi. Chupa chini inavuta rangi kwenda juu so inataka presha zaidi, lakini kwa fulana hiyo ndio baba lao, unakuwa na chupa sita zimejaa rangi tofauti unabadilisha haraka haraka mteja akiwa amesimama hapo.

Ya Japani, Iwata Eclipse HP-CS, ni 0.35 na nozeli yake, kale kapua ka mbele rangi inapotokea, inaingia tu bila nyuzi, unaichomoa unaisafisha unairudisha. Ni moto sana lakini itamaliza bajeti yako yote na bado. Kopi za China za 0.3 zinafunza vizuri tu, ila nyingi nozeli yao ni kadude kadogo ka kufunga kwa nyuzi, ukikaza kwa nguvu inakatikia ndani na hapo umemaliza. Kaza kwa spana yake kwa vidole viwili basi. Na usitoke dukani bila nozeli na sindano za akiba, za namba hiyo hiyo ya eabrashi yako, kwa sababu hazishirikiani hovyo.

Sasa mgongo wa bajaji. Usijaribu kujaza besi (rangi ya chini) na 0.3, utamaliza siku na itakuwa na mabakabaka. Tafuta bunduki ndogo ya rangi ya 0.8 ama 1.0, hiyo ndio ya besi na kufifisha kwa maeneo makubwa, eabrashi inakuja mwishoni kwa sura. Hivyo ndivyo tunafanya hapa, yard (karakana ya matatu) inapiga besi nyeusi ama ya giza, tunapitisha msasa wa maji namba 800 polepole rangi ishike, halafu sura yote naijenga na nyeupe peke yake. Macho, pua, mwanga wa shavu, ndevu, yote nyeupe juu ya nyeusi, mpaka inakaa picha ya zamani isiyo na rangi. Halafu ndio napitisha rangi za kupenyeza mwanga juu, nyekundu kidogo, njano, kahawia. Kitu hutasomewa mahali: nyeupe ukiipuliza nyembamba juu ya nyeusi inageuka bluu. Sio macho yako. Ukichora mtu mweusi kwa nyeupe tupu anakaa kama maiti, so mimi natia tone la njano ya udongo ama chungwa ndani ya nyeupe kabla sijaanza.

(Huku kwetu tangu sheria za 2004 za Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, matatu lazima iwe na mstari wa njano kuizunguka, so picha unaipanga ukijua kuna kitu kinakatiza hapo kati. Mwenye gari atakuambia uupake juu. Muambie aende aongee na trafiki kwanza.)

fundi_wa_sakina

Aisee nganya umemaliza, ila umeruka rangi na maji, na hapo ndipo pesa ya huyu kijana itapotelea. Mimi ni fundi rangi wa magari hapa Arusha.

Kijana wa Tanga, rangi yako ya mafuta ya mabango iache kwenye makopo yake. Inapulizika, ukiichanganya na tapentaini itatoka, lakini inakauka kwa saa na saa, vumbi lote la barabarani linakaa juu, na mbaya zaidi ukija kuifunika na klia ya magari, ile vanishi angavu ya juu, kabla haijakomaa ile thina kali ya klia inaingia chini na rangi yote inakunjamana mbele ya macho yako. Hakuna dawa, ni kupara upya. Tumia besikoti ya magari, ile isiyong'aa inayosubiri klia, wanakuchanganyia hata robo lita. Kwa bunduki unaifungua sehemu moja kwa moja na thina yake, kwa eabrashi nenda mpaka sehemu moja ya rangi kwa mbili za thina. Ichuje kwenye soksi safi ya nailoni kabla ya kuitia kikombeni. Ikoroge ukutani mwa kikombe cha kuchanganyia uiangalie inavyoshuka, iwe kama maziwa, iteleze na iache utando mwepesi nyuma yake. Ikishuka na kuacha ukuta mtupu umezidisha thina.

Thina ina za haraka na za polepole. Wewe uko Tanga, jua na joto, chukua ya polepole. Ya haraka kwenye joto rangi inakauka hewani kabla haijagusa tangi, unapata uso wa mchanga, na ncha ya sindano inaziba kila dakika.

Maji. Pwani hewa ina unyevu kutwa, kompresa inaibana ile hewa na maji yanabaki ndani ya tanki na ndani ya mpira. Siku umekaa na sura nzuri imebaki jicho moja, tone linatoka, pwaa. Kwa hiyo: mwambie jirani afungue koki ya chini ya tanki kila asubuhi maji yatoke, tumia mpira mrefu ili hewa ipoe njiani, na weka chujio la maji mwisho karibu na eabrashi sio pale kwenye kompresa, maana hewa ikitoka kwenye kompresa bado ni ya moto na chujio halitashika kitu. Na kompresa za pancha nyingi ni za mafuta na zimechoka, zinatema mafuta kidogo kidogo. Puliza upepo mtupu kwenye kioo safi nusu dakika halafu kipitishe kidole. Kikiteleza, tafuta na chujio la mafuta, la sivyo rangi yako itatoa mashimo mashimo na hutajua kwa nini.

Halafu klia. Hapa naongea kwa ukali kidogo mnisamehe. Klia ya hadina, ile ya kuchanganya vikopo viwili, ndani ya hadina mna kemikali inaitwa aisosayaneti. Haina harufu ya kukutahadharisha. Inaingia mapafuni na ikishakuchagua unapata pumu ambayo ukikaa karibu na rangi hiyo tena hata kidogo tu unashikwa. Kitambaa na barakoa ya hospitali havizuii chochote, ile ni ya matone. Kwa besikoti vaa barakoa ya mpira yenye makopo ya mkaa pembeni na ukae penye upepo. Kwa klia ya hadina inatakiwa mask ya kuletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje. Kama huna, na najua huna, mpelekee mwenye chumba cha rangi akupigie klia, mlipe, mkatie kwenye bei ya mteja. Sio aibu. Tangi la bodaboda lazima liwe na klia ya hadina kwa sababu petroli inamwagika pale kwenye mfuniko kila siku, klia ya kopo la kupuliza la dukani petroli inaila.

mtoto_wa_makorora_hamburg

Salamu kutoka Hamburg, kwetu Tanga vilevile kwa hiyo nimefurahi kumuona mtani. Mimi sipaki magari, natengeneza ndege za plastiki za kuunganisha, skeli ya 1/72, rubani mzima ni sentimita mbili na ushee. Kwa hiyo nina la kusema juu ya 0.2 na hapo kwa nganya sikubaliani kidogo, ameipita tu.

0.2 ipo kwa sababu. Ukitaka kupiga mabaka ya kijeshi kwenye bawa la urefu wa kiganja, yenye kingo laini, 0.5 itakupa wingu. Mimi kazi za hivyo natumia 0.2 na psi 12 hadi 15, pua ya eabrashi iko sentimita moja tu kutoka kwenye plastiki. Lakini hiyo 0.2 ina masharti. Haitaki rangi yenye chembe kubwa. Metaliki yenye vichembe vya kung'aa inaziba. Nyeupe ndiyo mbaya kuliko zote, chembe zake ni nzito, inaganda kwenye ncha unakaa unaifuta kila baada ya mistari michache. Kwa hiyo kwa mtu anayejenga sura kwa nyeupe kama alivyoeleza nganya, 0.2 ni adhabu.

Na lile swali lako kama 0.2 ndiyo inatoa mstari mwembamba, jibu ni hapana, sio yenyewe. Namba ile ni upana wa tundu la nozeli kwa milimita. Mstari unatoka kwenye mambo manne, umevuta triga kiasi gani, uko karibu kiasi gani, rangi imefunguliwa vipi na presha iko wapi. Mtu mwenye mkono anachora unywele na 0.35 na hata 0.5. Tundu dogo linakupa nafasi kubwa zaidi ya kidole kukosea bila picha kuharibika, basi. Ukisogea karibu lazima ushushe presha na ufungue rangi zaidi, usipofanya hivyo rangi inapigwa na upepo inatambaa miguu ya buibui pembeni.

Kuna kitu kingine cha kuangalia ukipata pesa mbele ya safari. Hawa Harder & Steenbeck wako hapa jirani Norderstedt, wana eabrashi zinauzwa mwili mmoja na nozeli mbili, kwa mfano 0.2 na 0.4, unabadilisha kwa mkono bila spana. Kwa mtu wa kazi mchanganyiko kama wewe ni akili kuliko kununua mbili. Ila vipuri kukufikia Tanga ndio mtihani, kabla hujanunua chochote jiulize nozeli ikipasuka nitaipata wapi na kwa siku ngapi.

Mkinunua kompresa za Marekani angalieni kibati. Za 110V ukiziwekea transfoma volti zinashuka lakini mzunguko wa umeme unabaki hezi 50 zetu badala ya 60 zao, mota inazunguka polepole na inachemka.

nganya_ya_moto

@mtoto_wa_makorora_hamburg hapo kwa nyeupe na 0.2 umesema ukweli, 0.2 yangu naitumia kwa mboni za macho na nywele za nyusi tu, tena kwa rangi nyeusi. Rubani wa sentimita mbili lakini, wewe ni mgonjwa bana 😂

keki_za_mama_zuu

Jamani naingilia, mie sipaki magari napamba keki hapa Mombasa, lakini nimeona mtu anauliza eabrashi moja ifanye kazi zote nikaogopa akaja mtu akaazima ya mumewe wa garaji akapambie keki ya harusi. MSIFANYE. Eabrashi iliyowahi kupita rangi ya gari au thina haitarudi kuwa ya chakula hata uichemshe, zile ringi za ndani zimeshanyonya. Ya keki ni ya keki, na rangi ziwe zimeandikwa za kuliwa, si "haina sumu", hayo ni mambo mawili.

Kwa keki mie natumia 0.4, presha kidogo psi 10 hadi 20, kwa sababu ukipuliza kwa nguvu kwenye fondanti (ile sukari laini ya kufunikia keki) rangi inakusanyika matone na inateremka ubavuni. Tabaka jembamba, unangoja, tabaka jingine. Ile rangi ya siagi ya kakao ya chokoleti ni kisirani zaidi, lazima iwe ya uvuguvugu nyuzi 30 na kidogo na eabrashi yenyewe uipashe na drayeri ya nywele, ikipoa tu inaganda ndani ya nozeli.

@pilipili_kichaa ya kucha binti yangu anayo, 0.3 kikombe kidogo na kompresa ya kuchaji ya mkononi, inatosha. Rangi iwe ya eabrashi ya kucha, ukitia ile nzito ya chupa utazibua kutwa. Na ukae karibu na dirisha mwanangu, hayo mavumbi unayapumua wewe si mteja.

pilipili_kichaa

Asante mama, Mungu akubariki

brashi_ya_tanga

Wakuu sijui niwashukuruje. Nimeazima eabrashi ya kikombe juu ya jamaa mmoja, ya kichina 0.3, nimejaribia kwenye bati. Jirani amekubali upepo, nimefunga regyuleta na chujio. Nimepata shida tatu.

Moja, kila nikianza mstari inatema tone kwanza halafu ndio inaanza kuchora. Mbili, vipovu vinapanda ndani ya kikombe nikibonyeza upepo. Tatu nikisogea karibu rangi inatambaa kama alivyosema ndugu yangu wa Makorora, nimeshusha presha mpaka 15 bado.

Na helmeti je, hizi za plastiki za bodaboda, napiga vilevile?

fundi_wa_sakina

Vipovu: upepo unaingia sehemu ya rangi. Aidha nozeli haijakaa sawa au imepasuka mdomo. Itoe, iangalie na lenzi au kwa kamera ya simu uvute karibu. Ina ufa, tupa. Haina, pitisha nta ya nyuki kidogo sana kwenye nyuzi zake, irudishe bila kukaza kwa hasira. Halafu mwambie jamaa aache kuizibua kwa pini ya chuma, maana nozeli nyingi zinapasuka hivyo, watu wanasukuma sindano ndani kwa nguvu au wanatia pini mdomo unafunguka. Izibue kwa brashi ndogo na thina. Na usiilaze eabrashi nzima kwenye thina usiku kucha, za bei ndogo zina ringi za mpira, asubuhi unazikuta zimevimba.

Kusafisha kila unapobadili rangi: mwaga iliyobaki, tia thina, ziba pua kwa kitambaa, bonyeza na vuta taratibu, thina itachemka kikombeni inakung'uta rangi ya ndani. Mwaga, rudia mpaka thina itoke safi bila rangi. Macho mbali.

Helmeti sasa. Watengenezaji wengi wanaandika kwenye kitabu chake kwamba usiipake rangi wala usiisafishe kwa kemikali kali, na sababu ni kwamba thina inaweza kuilainisha au kuipasua plastiki yenyewe mipasuko midogo usiyoiona kwa macho, siku kijana ameanguka helmeti inafunguka. Mimi zile za plastiki za bei ndogo nazikataa mlangoni. Za faibaglasi zenye klia yake ya kiwandani nakubali, nasugua ile klia ya juu tu mpaka ifie bila kufika chini, naosha kwa maji na sabuni, SIO thina, natoa kioo na vitambaa vya ndani, na nyuzi za mikanda nazifunga kwa karatasi. Tabaka nyembamba kavukavu. Na ile alama ya viwango iliyobandikwa nyuma usiifunike, trafiki ataitafuta.

nganya_ya_moto

Hilo tone la mwanzo ni kidole. Unaachilia triga ghafla, upepo na rangi vinakatika pamoja, rangi inabaki kwa ncha ya sindano inakungoja. Ukianza tena upepo unaitoa yote mara moja. Zoea hivi: upepo kwanza, halafu vuta rangi, maliza mstari kwa kusukuma triga mbele rangi ifunge, upepo bado unatoka, mwisho ndio unaachilia upepo. Sisi kwa uso mmoja hatuachilii upepo kabisa, kidole kinakaa chini muda wote, rangi tu ndio inaenda inarudi. Na mkono uwe unatembea tayari kabla rangi haijatoka, ukianza umesimama unapata kitone mwanzo wa mstari na kingine mwisho.

Ile ya kutambaa kwa psi 15, hapo sio presha tena, unavuta triga sana. Nyuma ya eabrashi nyingi kuna skrubu ya kuzuia sindano isirudi mbali, ifunge mpaka ibaki nafasi ya unywele tu, ufanye mazoezi na hiyo siku kadhaa kidole kikae adabu halafu uifungue. Chukua magazeti ya zamani. Vitone kwanza, mistari ya vitone, vitone vya saizi moja. Halafu mistari iliyonyooka. Halafu ile ya jambia, unaanza umbali wa vidole vitatu rangi nyingi, unakuja ukikaribia na kufunga rangi kwa wakati mmoja mpaka inaisha kwa ncha. Simba yako yote ni hiyo tu imerudiwa mara elfu. Usiguse tangi la mteja kabla ncha hazijaisha safi.

Stensili kata kwa filamu za X-ray, thina haiziharibu upesi na zinapinda kufuata tangi. Usizigandishe kabisa, ziinue kidogo upande mmoja, ukingo unakuwa mkali huku na laini kule, inaonekana picha sio stika.

brashi_ya_tanga

Aisee skrubu ya nyuma nilikuwa siielewi kazi yake. Imekubali! Nimepata mistari. Vipovu pia vimeisha, nozeli ilikuwa imelegea tu. Sasa fulana, nazo besikoti?

keki_za_mama_zuu

Besikoti kwenye fulana itakuwa ubao mwanangu

nganya_ya_moto

😂😂 Mama amejibu. Tafuta rangi ya nguo ya maji, na ile eabrashi ya chupa chini 0.5, ya bei ndogo kabisa inatosha, presha panda mpaka 40 hivi kwa sababu rangi ya nguo ni nzito na kitambaa kinanyonya. Fulana iwe ya pamba, ioshwe kwanza ile wanga ya dukani itoke, ivalishe kibao kwa ndani isikunjane na rangi isipite mgongoni. Kwa fulana nyeusi lazima nyeupe ya kuziba chini kwanza kila mahali utakapoweka rangi, isipokuwa hivyo nyekundu inapotea. Ikikauka ipige pasi ya moto bila mvuke, karatasi ya kuokea juu yake, dakika tatu nne kwa kila sehemu ukisogeza. Kama kopo limeandika muda wake fuata kopo. Muambie mteja aioshe imegeuzwa ndani nje, na asianze kuifua kabla ya siku tatu.

Kwa hiyo bajeti yako: 0.3 ya kikombe, 0.5 ya chupa, barakoa ya mkaa, nozeli za akiba. Bunduki ya 0.8 azima kwa garaji hapo jirani mpaka bajaji zikulipe.

fundi_wa_sakina

Barakoa ndio aianze kununua.